Sizini ya 8 ya Game of Thrones: sio mwisho ulioniudhi, ni walivyokuwa wanakata pale pale

MlinziWaUkuta

Wakuu, onyo kwanza: humu ni spoila mwanzo mwisho, kama hujamaliza pita kushoto usije ukanilaumu.

Nimemaliza kuirudia Game of Thrones, ile tamthilia ya HBO, yote, episodi 73, hii mara ya tatu. 2019 ilipoisha nilichukia kama kila mtu. Mara ya pili nilifika mwisho wa sizini ya 6 nikafunga, yaani nikajifanya pale ndo mwisho, Cersei kalipua hekalu na waliomo, Jon kapewa Kaskazini, malkia Dany kapanda meli majoka matatu yanapaa juu yake, kwaherini. Safari hii nikasema ng'ombe mzima nimeshamla, mkia utanishindaje, acha nimalize.

Sasa naona miaka yote nilikuwa nagombana na kitu sicho. Nilikuwa naimba Bran kuwa mfalme upuuzi, Dany kuchoma mji upuuzi. Sio. Kilichoniumiza, na nilikuwa narudisha nyuma mara mbili mbili nihakikishe, ni kwamba jamaa WANAKATA.

Angalia episodi ya 4. Jon kawaita Sansa, Arya na Bran chini ya ule mti wenye uso. Kawaapisha wasiseme kwa mtu. Anamgeukia Bran, waambie. Hii siri ya Jon ni mtoto wa nani, baba yao Ned Stark kafa nayo! Nimekaa vizuri kabisa nisikie Arya atasema nini kuhusu kaka ambaye kumbe sio kaka, yule aliyempa upanga wa Needle sizini ya kwanza, na paap, tumeshahamishiwa kwingine. Hatuoni uso wa mtu hata mmoja akiipokea ile habari. Baadae Sansa anataka kumwambia Tyrion, wanakata. Tukimuona Tyrion yupo na Varys melini, Varys keshajua, wanajadili hatua inayofuata.

Episodi ya mwisho ndo usiseme. Jon kamchoma kisu Dany, joka limeyeyusha kiti, limebeba maiti limeondoka. Chumba kitupu, hamna shahidi, hamna maiti. Nje kuna jeshi zima linalomwabudu yule mama na Grey Worm ambaye muda si mrefu alikuwa anachinja mateka barabarani. Inakuwaje? Jon anatoka anasema jamani nimemuua mimi? Anakimbia? Nani anamzuia Grey Worm asimkate kichwa hapo hapo? Wanakata. Tyrion ana madevu, wiki kadhaa zimepita, Jon yuko jela mzima wa afya.

Sasa linganisha na sizini ya kwanza episodi ya 9. Vita vya Green Fork, Tyrion anahamasisha watu wake, wanatoka mbio, wanamgonga nyundo ya kichwa wao wenyewe kwa bahati mbaya, anazimia, akiamka vita vimeisha. Hawakuwa na hela ya kupiga ile vita. Ila usiku wa kuamkia vita walitupa Tyrion, Bronn na Shae kwenye hema wanakunywa na kucheza mchezo wa kubahatisha siri za mwenzio, mpaka Tyrion anasimulia habari ya mke wake wa kwanza. Kile kipande nakikumbuka mpaka leo, vita yenyewe siidai.

Sizini ya 1 waliruka vita wakatuonyesha mazungumzo. Sizini ya 8 wametuonyesha vita wakaruka mazungumzo. Nimemaliza, karibuni mnipige mawe.

NusuMtu

Mkuu sina jiwe, umesema yote. Nipo nimekaa siti ya mbele nasubiri wale wa "hamkuielewa".

MsomajiWaVitabu

Mleta mada hoja nzuri ila umezunguka sana. Jibu ni jepesi: vitabu viliisha. Kitabu cha tano kimetoka Julai 2011, mwezi mmoja tu baada ya sizini ya kwanza kuisha, na cha sita mpaka leo mwandishi George Martin hajakitoa. Benioff na Weiss, wakuu wa tamthilia, waliposaini walijua wataandika tamthilia inayofuata vitabu, wakajikuta vimekata wakiwa barabarani. Walikuwa na mtu anayewaandikia maneno, wakabaki na mtu aliyewadokezea tu mwisho utakavyokuwa. Kudokezewa mwisho na kuandikiwa njia ya kufika ni vitu viwili tofauti kabisa.

Na kuna watu waliwatoa mapema wakidhani hawana kazi. Lady Stoneheart, yaani mama Stark aliyefufuliwa, hayupo. Yule kijana Aegon anayejitambulisha kama mtoto wa Rhaegar, kaka yake Dany, hayupo. Sasa mkifika mwisho Dany hana mpinzani wa maana anayependwa na wananchi, ikabidi ile kazi abebeshwe Jon ambaye mwenyewe hataki hata kuongea. Ndo maana mzigo mzima wa sizini ya 8 umeegeshwa kwa jamaa anayesema sentensi mbili tu, wewe ni malkia wangu, na mimi siutaki.

MlinziWaUkuta

Msomaji nakuheshimu ila hiyo ya vitabu vimeisha nimeichoka, maana inawapunguzia makosa na pia inawanyima sifa. Nikuulize, kipande gani cha sizini ya kwanza watu wanakitaja sana? Robert na Cersei wamekaa wawili tu na divai, wanaulizana hii ndoa yetu ndo inayoshikilia falme saba, mpaka Cersei anauliza kama kuliwahi kuwa na nafasi wapendane, na Robert anamjibu hapana, alafu anamuuliza hilo jibu limekufurahisha au limekuumiza. Kile kipande kwenye kitabu HAKIPO. Arya akimmiminia Tywin divai kule Harrenhal sizini ya 2, wazee wawili wa akili wanapimana, mmoja ana miaka kumi na kitu. Kwenye kitabu Arya hakumtumikia Tywin kabisa.

Hao hao Benioff na Weiss. Walikuwa wanaweza. Uwezo wa kuweka watu wawili chumbani wakaongea hawakuazima kwa Martin.

MsomajiWaVitabu

Hapo umenikamata kidogo. Kidogo! Maana Robert na Cersei wa kipande kile wameshajengwa na kitabu, jamaa walikuwa wanajua hawa watu wangeongea nini. Ila nakupa hiyo.

StelingiHafi

Mimi nitaongea la kwangu. Game of Thrones ilipata heshima siku stelingi alipokatwa kichwa sizini ya kwanza. Sote tulikua tunajua stelingi hafi, mabomu yanapita pembeni, risasi zinamkwepa. Ned Stark kapiga magoti pale nikasema saa hii anatokea mtu anaokoa, shoka la nani sijui linarushwa, wapi. Kichwa chini. Toka siku hiyo kila mtu akiingia chumbani na mlango ukifungwa moyo unadunda.

Haya njoo episodi ya 3 sizini ya 8. Sam kalala juu ya maiti analia, mazombi yamemfunika. Wanakata. Wanarudi, Sam bado analia. Brienne kabanwa ukutani watano wamemrukia, wanakata, wanarudi, yuko pale pale anapiga kelele na upanga. Jaime ana mkono mmoja jamani! Mmoja! Yaani hata hapo mleta mada hoja yako ya kukata inaingia. Kamera ikigeuka ndo wanaponea.

NusuMtu

Hahaha Sam angeuawa na baridi ya kulala chini kabla ya zombi.

Mimi bado nipo na yule aliyetoa wazo la kuwaficha akina mama na watoto MAKABURINI wakati adui kazi yake ni kufufua wafu. Kikao kizima, Tyrion yupo, Varys yupo, Sansa yupo, vichwa vyote vya falme saba, hamna hata mmoja aliyenyoosha mkono akasema samahani wakuu naomba kuuliza.

BibiWaMajoka

Naona mnakwepa kwepa mada kubwa. Kengele za kujisalimisha, alafu Dany akachoma mji. Mimi ni Dany damu toka anauzwa kwa Drogo na nitasema kitu wengi hamtapenda: alichofanya kilikuwa kinaonekana toka mbali. Sizini ya 2 getini Qarth anatishia kuchoma miji mpaka chini. Sizini ya 4 Meereen anasulubisha mabwana 163, Barristan anamwambia jibu udhalimu kwa huruma, anasema nitaujibu kwa haki. Sizini ya 5 anawalisha majoka mtu ambaye hana uhakika kama ana kosa. Sizini ya 6 anachoma makhal, wakuu wa Wadothraki, wote ndani ya nyumba na sisi TUKASHANGILIA. Sizini ya 7 anamchoma Tarly na mwanae. Mwisho wa sizini ya 2 anaona njozi, ukumbi wa kiti cha enzi hauna paa, kitu cheupe kinadondoka kama theluji, ananyoosha mkono kugusa kiti anaurudisha. Sizini ya 8 ukumbi ule ule hauna paa, na kile cheupe unajua sasa kwamba ni majivu, na safari hii kiti anakigusa.

Tulikuwa tunashangilia kwa sababu waliochomwa hatukuwapenda. Siku wamechomwa watu tunaowaonea huruma ndo tukasema waandishi wabaya.

MkonoWaDhahabu

Bibi hiyo ya mwisho imenichoma bila joka.

MlinziWaUkuta

Dada, orodha yako yote naikubali, ila umeruka moja na ndo kubwa kuliko zote. Sizini ya 4 hiyo hiyo anakuja mzee mchungaji kabeba kitu kwenye kitambaa, anakifungua sakafuni, ni mifupa ya mtoto wake imeungua. Miaka mitatu. Dany anafanya nini? Anashuka kwenye lile pango na majoka mawili, anayafunga minyororo shingoni kwa mkono wake, yanamlilia, anaondoka analia na yeye. Kwa mtoto MMOJA. Hao wote uliowataja, mabwana, makhal, Tarly, alikuwa na sababu yake, mbaya au nzuri ila ipo. Waliojisalimisha King's Landing sababu ilikuwa ipi?

Kutoka kwenye minyororo ile mpaka kuchoma vichochoro mtaa kwa mtaa, inawezekana kabisa! Mimi sisemi haiwezekani! Kafiwa na Jorah, kafiwa na joka lake Rhaegal, rafiki yake Missandei kakatwa kichwa anaona, Jon anamkwepa, Varys kamsaliti. Ni mengi mno. Ila hayo yote toka Jorah mpaka kengele ni kama episodi moja na nusu. Naomba usiku mmoja tu yuko peke yake tumsikie anawaza nini.

BibiWaMajoka

Kuna hicho kipande, hali chakula, nywele hazijasukwa, Tyrion anakuja kumwambia habari ya usaliti wa Varys.

MlinziWaUkuta

Dakika chache, alafu Varys anachomwa, alafu vita. Na ujue kitu kimoja kwenye episodi ya 5. Kengele zinalia, kamera iko usoni kwake, Emilia Clarke anayemuigiza anafanya kazi kubwa sana pale na uso mtupu bila neno, midomo inatetemeka, anaangalia lile jumba jekundu. Anaruka. Kuanzia pale mpaka episodi inaisha HATUMUONI TENA USO. Tunaona tumbo la joka na moto. Nilikuwa siamini nikarudisha nyuma.

BibiWaMajoka

Na hicho ndo kitu kizuri kuliko vyote ndani ya sizini nzima, nakushangaa unakilalamikia. Mwongozaji Sapochnik kaamua tuwe chini na watu. Tuko na Arya, vumbi jeupe usoni, yule mama na binti yake ameshika kale kafarasi ka mbao. Sizini saba tulikuwa juu ya joka na yeye, leo tumeshushwa tukaone linafananaje ukiwa chini yake. Ungeonyeshwa uso wake ungemuonea huruma. Hawakutaka umuonee huruma.

MlinziWaUkuta

...Sikuwahi kuiangalia hivyo. Nipe muda.

GizaNene

Mnaongelea nyuso, mimi episodi ya 3 sikuona hata mkono wangu. Dakika 82. Wamepiga usiku 55 nje kwenye baridi na matope ili mimi nione kioo cheusi na mimi mwenyewe ndani yake nimekunja sura.

Wacha niwaeleze kwanini, maana watu walidhani runinga zao mbovu. Picha ikirushwa kwa intaneti au kebo inabanwa ili iwe nyepesi. Mashine inayobana huwa inatupa vile vitu inavyodhani jicho halitavikosa, na sehemu nyeusi ndo ya kwanza kutupwa. Kama picha nzima ni nyeusi na kuna ukungu na theluji inazunguka, kinachobaki ni miraba miraba inayotambaa kama matope. Chumba cha kuhariria kina skrini ya gharama na giza totoro, huko ilionekana safi kabisa. Fabian Wagner aliyepiga ile episodi alitetea kazi yake, akasema haikuwa giza kupita kiasi, tatizo ni jinsi watu wanavyoseti runinga zao. Ana haki yake, ila kaka, unapiga kitu cha mamilioni ya watu au cha skrini yako?

Mimi nimekuja kuirudia kwenye diski, taa nimezima. Ule mwanzo wa Wadothraki, Melisandre kawawashia panga zote moto, wanakimbia gizani na ile mistari ya taa inazimika mmoja mmoja kwa mbali, kimya, alafu farasi wanarudi bila watu. Hapo nilivua kofia. Kwa hiyo wale mliosema episodi yote takataka hamkuiona, na sio kosa lenu.

NusuMtu

Wadothraki wale wale waliozimika wote, episodi inayofuata wakasema tumebaki nusu. Nusu ya sifuri ni ngapi, wale wa hesabu?

StelingiHafi

Na ya mwisho wamejaa uwanja mzima wanashangilia. Walizaliana njiani.

MkonoWaDhahabu

Naombeni zamu yangu maana jina langu mnaliona. Jaime Lannister. Tumeanza kumjua anamsukuma mtoto dirishani. Episodi ya kwanza kabisa! Na kufika sizini ya 3 wamenifanya nimpende. Yupo kwenye maji ya moto na Brienne, mkono umekatwa, ana homa, anasimulia kwanini alimuua Mfalme Kichaa. Mfalme alikuwa ameamuru wachome mji mzima kwa moto wa kijani, watu wote, wanawake watoto, na Jaime akamuua ili wasichomwe. Akaitwa Muua Mfalme maisha yake yote na hakumueleza mtu. Anaanguka mikononi mwa Brienne, Brienne anaita watu Muua Mfalme anazimia, na yeye anasema jina langu ni Jaime. Mimi ni mtu mzima na pale natokwa na machozi kila mara.

Sasa episodi ya 5 sizini ya 8. Tyrion anamfungua minyororo, anamuomba awaokoe watu wa mji ule. Jaime anajibu kwamba kusema ukweli hajawahi kuwajali sana hao watu, wawe na hatia wasiwe na hatia.

HAJAWAHI KUWAJALI. Aliyetupa heshima yake yote ndani ya tundu kwa ajili yao! Na mbaya zaidi saa chache baadae mji unaungua na katikati ya moto wa joka unaona moto wa KIJANI unalipuka chini kwa chini, yale yale mapipa ya Mfalme Kichaa aliyoyazuia yeye. Yaani hadithi ilikuwa imekuja mlangoni kwake imebisha hodi. Kile alichouwa mfalme ili kisitokee kinatokea mbele ya macho yake, na yeye anapita anamtafuta Cersei, hata hageuki kuangalia. Ningekuwa mimi, ile rangi ya kijani ikitokea tu namsimamisha pale sekunde kumi aitazame. Sekunde kumi tu. Alafu akafe na nani sijui atakaye.

Kunguru_3

Mkuu kurudi kwa Cersei mimi naona ni kweli ya binadamu, kuna watu wanarudi pale pale panapowaua kila siku.

MkonoWaDhahabu

Kurudi sikatai! Hata kitabuni sijui ataishia wapi. Nakataa lile neno. Angesema "nilijaribu kuwa mtu mwingine nimeshindwa" ningemuelewa.

Na kinachonikera ni kwamba hii sizini inajua kuandika ikitaka. Episodi ya 2, usiku kabla ya vita, wamekaa na moto wachache tu, Tormund anasimulia habari ya kunyonya maziwa ya jitu, Tyrion anamimina vinywaji, ghafla linakuja suala kwamba mwanamke hawezi kuwa naiti, yaani askari wa heshima aliyeapishwa, Brienne anajifanya hataki, anamwangalia Pod, na Jaime anasimama anasema naiti anaweza kumfanya mwingine naiti, piga magoti. Chumba kimoja, viti sita, hamna joka. Bryan Cogman ndo kaandika ile. Ndo episodi bora ya sizini na hakuna mtu aliyekufa.

MlinziWaUkuta

Hicho ndo ninachokisema toka asubuhi.

Shemeji_wa_Kaskazini

Naomba nipingane na wote kwa upole. Mimi mwaka jana ndo nimeiangalia, sizini zote kwa wiki tatu, sijasoma chochote kabla. Sizini ya 8 niliiona ina haraka kidogo, basi. Nililia Missandei alipokufa, nikalia Theon, nikashtuka kengele, nikalala. Nilipoingia mtandaoni kutafuta watu wa kuongea nao nikakuta saini zaidi ya milioni na nusu za watu wanataka iandikwe upya nikadhani nimeangalia kitu kingine.

Nahisi nyie mliiharibu wenyewe. Sizini ya 7 iliisha Agosti 2017, ya 8 ikaanza Aprili 2019. Karibu miezi ishirini mmekaa mnaandika nadharia, Bran ndo Mfalme wa Usiku (yule mkuu wa mazombi), Tyrion ndo Targaryen wa tatu, sijui nani ndo aliyetabiriwa. Kila mtu ana sizini yake kichwani, nzuri kuliko ya mwenzie. Ikaja ya kweli ikakuta nafasi imeshajaa.

Kunguru_3

Kuna ukweli hapo shemeji, mimi nilikuwa na daftari.

NusuMtu

DAFTARI?

Kunguru_3

Daftari na mishale ya rangi. Ule mduara wa maiti Mfalme wa Usiku aliokuwa anauacha kila mahali nilikuwa nimeuchora kabisa. Toka dakika za kwanza za episodi ya kwanza 2011, wale jamaa watatu msituni na vipande vya watu vimepangwa kwenye theluji, nilikuwa nasubiri kujua wanataka nini. Miaka minane. Arya karuka kutoka gizani, kisu kikahama mkono, kioo kikapasuka, kwisha. Kwa kuangalia ni kitamu, sibishi, nilirukia kochi. Ila kesho yake nikafungua daftari nikaona nimebaki na michoro. Hakutaka kitu. Hakusema kitu.

MlinziWaUkuta

Shemeji hoja yako nzito na nakiri robo tatu. Robo iliyobaki ni hii: mimi nadharia zangu zilishakufa zamani, nimeirudia bila kusubiri chochote, najua nani anamuua nani, na bado palipokatwa panauma. Tena panauma zaidi maana sasa hamna kushtuka kunakonifumba macho.

MsomajiWaVitabu

Na msisahau haikuwa lazima wawe na haraka. HBO walikuwa tayari kuongeza, Martin mwenyewe kasema hadharani angependa iendelee. Sizini sita za mwanzo episodi kumi kumi, ya 7 zikawa saba, ya 8 sita. Hata ukijumlisha kwamba zilikuwa ndefu, ni kama masaa saba na dakika kadhaa. Benioff na Weiss ndo walioamua. Na Februari 2018 walishatangazwa kwenda kutengeneza filamu za Star Wars, ambazo Oktoba 2019 wakajitoa bila kupiga hata moja.

StelingiHafi

Kwa hiyo walituacha kwenye mataa wakikimbilia basi, na basi lenyewe hawakupanda.

Kunguru_3

Bran nani anamtetea? Isaac aliyemuigiza kasema aliambiwa mwisho ule umetoka kwa Martin mwenyewe, kwa hiyo matokeo yapo. Ila sizini ya 5 nzima Bran HAYUPO. Episodi kumi hatumuoni hata kivuli. Sizini ya 7 anapewa Winterfell anasema siwezi kuwa bwana wa kitu chochote mimi ni Kunguru. Alafu anaulizwa utakubali ufalme anajibu kwani mlidhani nimekuja huku kote kufanya nini. Tyrion anasimama mbele ya watu anasema nani ana hadithi nzuri kuliko Bran. Mzee, Arya yuko kushoto kwako kavaa nyuso za watu, Sansa yuko pale. Hata yule mkuu mpya wa Dorne ambaye hatujui jina lake nina uhakika ana hadithi nzuri.

BibiWaMajoka

Hahahaha yule mkuu wa Dorne katokea wapi lakini.

GizaNene

Pamoja na yote hayo wamechukua Emmy ya tamthilia bora mwaka ule ule, wametajwa kuwania mara 32. Na usiku wa mwisho watu milioni 19.3 Marekani peke yake. Tumelaani huku tunaangalia.

MlinziWaUkuta

Mimi mwenyewe hapa nimeshailaani mara ya tatu.

Bibi, nimerudi kuangalia kengele tena kama ulivyosema, kwa macho ya aliye chini. Una haki. Uso wake usionekane. Nafuta hiyo kwenye mashtaka. Ya Jon na dada zake siifuti.

MkonoWaDhahabu

Wakati umerudi, nenda mbele episodi ya 6 kile kipande cha Brienne na kile kitabu cheupe cha walinzi wa mfalme. Ukurasa wa Jaime uko nusu mtupu. Anakaa, anaandika taratibu, mistari imenyooka, yale mema yote ambayo hakuna aliyewahi kumwandikia. Anafikia mwisho anatulia. Anaandika kwamba amekufa akimlinda malkia wake. Safi kabisa. Alafu anafunga kitabu.

MlinziWaUkuta

Nakikumbuka, kizuri sana.

MkonoWaDhahabu

Mkuu. Anafunga kitabu. Hapo hapo. Wino mbichi.

NusuMtu

HAHAHAHA nooo

MlinziWaUkuta

Umeniharibia na hicho.

Khaleesi_mpya

Habari zenu wapendwa, samahani mimi niko sizini ya 4 episodi ya 2, harusi ndo imeanza. Niliingia kuuliza tu Joffrey atatawala mpaka sizini ya ngapi maana nimemchoka. Ila nimeteleza nikasoma kidogo. Ned kufa nilishaona. Hivi Jon anamuua nani?